Nani Alikuwa Anaaminika? Historia ya Deni Karatu na Ngorongoro

Wengi mnaijua Karatu kama mahali pa kujaza mafuta na kununua maji ya chupa kabla ya kupanda kwenda kreta. Lami ya kutoka Makuyuni imewafikisha wageni haraka na kuwaondoa haraka. Nyuma ya ile barabara kuna Rhotia, Mbulumbulu, Endabash, Mang'ola na vijiji vingine ambako watu wanalima mahindi, ngano, mbaazi na vitunguu, na ambako kila msimu swali ni lile lile: pesa ya mbegu na trekta itatoka wapi? Leo basi tuwaache twiga na faru. Tuzungumze deni.

Nianze na sheria moja ambayo nadhani ingefaa kufundishwa shuleni. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza hapa Tanganyika ilipiga marufuku "wenyeji", yaani Waafrika, kukopeshwa ovyo. Sheria ilisema kwamba mtu asiye mwenyeji akimkopesha mwenyeji, hawezi kwenda mahakamani kudai pesa yake isipokuwa kama mkopo ule uliidhinishwa kwa maandishi na ofisa wa serikali. Mwaka 1931 ikaandikwa upya, roho yake ikabaki ile ile. Wenyewe walisema wanamlinda Mwafrika asinyonywe na mwenye duka wa Kihindi.

Nisieleweke vibaya. Wanyonyaji walikuwepo, na hofu ya watu kupoteza mali kwa sababu ya deni haikuwa ya kubuni. Zanzibar mwaka 1934 serikali ililazimika kuweka sheria ya kuzuia mashamba ya mikarafuu yasihamie kwa wadai. Lakini hebu tazama ile sheria ya bara ilivyofanya kazi. Haikumwondoa mkopeshaji, ilimwondolea mahakama tu. Na mkopeshaji asiye na mahakama hujilinda kwa njia nyingine: anakupa mali kauli, kilo chache za sukari na kitambaa, halafu anayachukua mazao yako kwa bei anayoitaka yeye. Kwa maneno mengine, saini ya mkulima haikuwa na thamani, mahindi yake yalikuwa nayo. Shikeni hilo, maana litarudi.

Wakati huo huo, kilomita chache kutoka kwenye mashamba ya Wairaqw, mambo yalikuwa tofauti. Kuanzia miaka ya 1920 walowezi wa Kijerumani, ambao baada ya vita ya kwanza walikuwa wamezuiwa kurudi, waliruhusiwa tena, na baadhi yao wakafungua mashamba ya kahawa kwenye miteremko ya Oldeani. Hao walikuwa na hati za ardhi. Katika miaka ya 1930 walowezi wa Kijerumani katika Tanganyika walikuwa na kampuni yao ya mikopo, kampuni ya Usagara, iliyoungwa mkono na Berlin. Vita ilipoanza mwaka 1939 Wajerumani wakakamatwa na mashamba yakawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Baada ya vita, mwaka 1947, serikali ikaanzisha Benki ya Ardhi ya Tanganyika, na benki ya ardhi, kama jina linavyosema, inamtaka mwenye ardhi yenye hati. Mwiraqw wa Karatu alikuwa na ardhi ya babu yake, hati hakuwa nayo. Kwa Waafrika ikatengwa mifuko midogo: mmoja mwaka 1947 kwa maendeleo ya wilaya na mwingine mwaka 1955 wa kuongeza uzalishaji. Ukubwa wa mifuko hiyo haukulingana hata kidogo na nchi iliyotakiwa kuhudumiwa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana mtu anaweza kudhani kabla ya benki watu wa huku hawakujua kukopeshana. Walijua sana. Nathubutu kusema walijua kuliko benki.

Kwa Wairaqw, mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa ndugu, wakwe na marafiki, wengine mbali kabisa, kwenye nchi ya chini ambako nyasi na magonjwa ni tofauti na ya juu. Aliyepewa ng'ombe alikunywa maziwa, akatumia samadi shambani, na yule ng'ombe akabaki mali ya mwenyewe. Mkopeshaji alipata nini? Ukame ukipiga Mbulumbulu, ng'ombe wake wa kwingine wamepona. Ugonjwa ukiingia kwingine, wa Mbulumbulu wapo. Na maskini alipata njia ya kuanza bila ya kuweka rehani chochote zaidi ya jina lake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ilipoleta mpango wa maendeleo wa wilaya ya Mbulu (Karatu ilikuwa sehemu ya Mbulu mpaka miaka ya 1990) pamoja na amri ya kupunguza mifugo ili kuokoa udongo, mtaalamu aliona ng'ombe wengi mno. Udongo kweli ulikuwa unachoka. Lakini wale ng'ombe walikuwa pia akiba ya mmoja na mkopo wa mwingine, na sidhani kama jambo hilo liliingia kwenye hesabu za ofisi.

Huko juu Ngorongoro, Wamaasai walikuwa na maneno mawili ambayo ningependa kila ofisa mikopo ayajue. La kwanza ni esile. Hilo ni deni la kawaida: nimekupa, utanirudishia. La pili ni osotua. Maana yake ya asili ni kitovu, ile kamba inayomuunganisha mtoto na mama. Watu wawili wakiwa na osotua, mmoja akipatwa na shida anamwomba mwenzake, na mwenzake akiwa nacho anampa, kiasi cha shida ile, basi. Hakiandikwi. Hakuna anayesema "mwaka juzi nilikupa wawili, leo nipe watatu". Kesho mtoaji akianguka naye ataomba. Uzito wa neno lenyewe utauona kwenye Biblia ya Kimaasai: Agano Jipya linaitwa Osotua Ng'ejuk. Na watu waliopeana mifugo huacha kuitana majina yao, huitana kwa mnyama aliyetolewa: aliyepeana dume na mwenzake ni pakiteng, kondoo ni paker.

Watafiti wa Kimarekani mwaka 2011 walitengeneza kielelezo cha kompyuta cha mifugo ya watu wawili wenye osotua, wakalinganisha na ya watu wasio na uhusiano wowote. Mifugo ya wenye osotua ilidumu muda mrefu zaidi. Wazee wa Nainokanoka hawakuhitaji kompyuta kujua hilo.

Utaratibu huu ulikuwa na mipaka yake, tusiupambe. Mwaka 1892 Oscar Baumann, Mzungu wa kwanza kuacha maandishi juu ya kreta, aliwakuta Wamaasai wakifa njaa baada ya sotoka kuua ng'ombe. Ugonjwa ukimpiga kila mtu kwa pamoja, hakuna wa kuombwa. Hata hivyo miaka zaidi ya 100 baadaye, mwaka 1998, mradi wa ERETO uliogharamiwa na Denmark ulipokuja Ngorongoro kuwasaidia wafugaji walioishiwa, ulitumia utaratibu wa koo: mradi unatoa mifugo, ukoo nao unachangia. Hawakupeleka fomu za mkopo, walipeleka mbuzi na ng'ombe.

Tuje kwenye uhuru. Hapa ndipo pangebadilika kila kitu, na kwa kiasi fulani palibadilika. Mikopo ya wakulima ikapitishwa kwenye vyama vya ushirika, mwaka 1964 likaanzishwa shirika la taifa la mikopo ya maendeleo, Februari 1967 mabenki yakataifishwa na kuzaliwa NBC, na mwaka 1971 ikaja Benki ya Maendeleo Vijijini, TRDB. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na benki ambayo kazi yake ilikuwa mwanakijiji.

Lakini mwanakijiji yupi? TRDB ilipenda kukopesha kijiji, si mtu. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilikifanya kijiji kilichoandikishwa kuwa na uwezo wa kukopa, na mkopo mara nyingi ulikuja kama mbolea, mbegu au vifaa, si fedha mkononi. Mbolea ikichelewa mvua haisubiri, deni linabaki pale pale. Na deni la kijiji ni la nani? La kila mtu, yaani la hakuna mtu. Halafu Mei 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika, wale wale waliokuwa wakikata deni kwenye mauzo ya mazao. Yaani ulikopesha kwa mkono wa kulia ukakata mkono wa kushoto uliotakiwa kukusanya. Vyama vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini ndani ya miaka ile sita mazoea mabaya yalishaota mizizi. Vijana wa leo wanapoambiwa wazee wao walikuwa wagumu kulipa mikopo, waambiwe na habari hii pia.

TRDB ikageuzwa CRDB mwaka 1984, na mwaka 1996 CRDB ikawa benki ya watu binafsi, huku Wadenmark kupitia DANIDA wakiwa miongoni mwa wenye hisa. NBC ikagawanywa mwaka 1997 na kipande cha matawi ya wilayani kikaitwa NMB. Miaka hiyo ya 1990 ndiyo wakulima wengi nchini waliachwa wenyewe: pembejeo bila ruzuku, ushirika hoi, benki inataka hati na mshahara. Mwalimu wa shule Karatu alianza kukopesheka kwa sababu mshahara wake unapita benki. Jirani yake mwenye ekari 10 hakukopesheka. Hadi leo NMB na CRDB zipo Karatu mjini, na tofauti kati ya watu hao wawili bado ipo.

Mwaka 2004 wakaja na MKURABITA, kwa mawazo ya yule Mperu Hernando de Soto: mpe maskini hati, ataingia benki. Hati za kimila zilikuwa zimesharuhusiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Wazo si baya. Ila jiulize, mkopaji asipolipa, benki itamuuzia nani shamba la Endabash lililozungukwa na ndugu wa mdaiwa? Benki zinajua jibu, ndiyo maana zinasitasita. Na Ngorongoro hata swali hilo halifiki. Ardhi ya hifadhi haiwekwi rehani, kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975 kikaruhusiwa 1992 kikazuiwa tena baadaye, na ng'ombe, ambaye ndiye utajiri wenyewe, benki haimtambui kirahisi kuwa dhamana.

Basi pengo likajazwa na wengine. Mang'ola, kando ya ziwa Eyasi, mkulima wa vitunguu asiye na pesa ya mbegu na dawa hupewa na mfanyabiashara kwa makubaliano kwamba mzigo ni wake. Vitunguu vinauzwa vikiwa bado udongoni, halafu vinajazwa lumbesa. Je, mnakumbuka mwaka 1923? Saini haina thamani, zao linayo. Na mbaazi: Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazonunua nje, bei ikaporomoka, na aliyekuwa amekopa kwa kutegemea mbaazi alibaki na magunia na deni. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Mijini na vijijini wakaja wale wa "kausha damu". Sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 ilitaka kila mkopeshaji awe na leseni, lakini mwenye shida ya hospitali saa nne usiku haulizi leseni. Simu nayo ikawa benki: mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Baadhi ya programu za aina hiyo, ukichelewa kulipa, hutuma ujumbe kwa watu walio kwenye simu yako. Dhamana ni aibu yako. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka uliofuata, na kwa mtu aliyekuwa na kikundi tayari, mwaka mmoja ni msimu mzima uliopotea.

Kilichonigusa zaidi mimi ni VICOBA. Mbinu hii ilianzia Niger mwaka 1991 kwa akina mama, ikaingia kwetu kupitia Zanzibar miaka ya 2000, na sasa imeenea hata vijijini Karatu. Sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Mwanachama hununua hisa, hukopa mpaka mara tatu ya akiba yake, hurudisha na riba. Ila pembeni ya hisa kuna mfuko wa jamii, wa msiba na ugonjwa, na mara nyingi huo hauna riba. Tazameni vizuri. Ndani ya sanduku moja kuna esile na kuna osotua, zimetenganishwa kama Wamaasai walivyozitenganisha.

Kasoro yake ni moja na ni kubwa. Wanakikundi ni majirani, wanalima zao moja, kwa mvua moja. Wakati wa kupanda wote wanataka kukopa na sanduku halitoshi. Mvua ikigoma wote wanashindwa kulipa. Yule mzee wa Kiiraqw aliyegawa ng'ombe wake juu na chini alikuwa ameliona tatizo hili na kulitatua kwa umbali. Tangu mwaka 2022 kuna familia za Ngorongoro zilizohamia Msomera, Handeni, mamia ya kilomita. Waliohama walihesabiwa nyumba, ekari na mifugo. Sijaona fomu iliyokuwa na mstari wa kuuliza: pakiteng wako ni nani, na anabaki wapi?