Dhoruba ya Kusikiliza

Mkesha wa Krismasi mwaka 1900, katika Hollandsche Schouwburg mjini Amsterdam, ilichezwa kwa mara ya kwanza tamthilia ya bahari ambamo chombo kinazama bila mtazamaji kukiona. Tamthilia hiyo, Op Hoop van Zegen, iliandikwa na Herman Heijermans, Myahudi mzaliwa wa Rotterdam na msoshalisti asiyejificha. Tajiri Clemens Bos anakiachia chombo kilichooza mbao kitweke, maana kina bima. Kniertje, mjane ambaye bahari imekwisha kumla mume na watoto wawili, anawatoa wanawe waliobaki: Geert, aliyefungwa kwa kumpiga mkubwa wake jeshini, na Barend, kijana anayeyaogopa maji. Barend anang'ang'ania mwimo wa mlango mpaka polisi wamkokote. Hakuna anayerudi.

Esther de Boer-van Rijk aliigiza Kniertje zaidi ya mara 1,000. Ellen Terry akamwigiza London mwaka 1903, na mwaka 1913 vijana wa mwongozaji Stanislavski mjini Moscow wakaichagua kuanzia studio yao. Uholanzi ilipotunga sheria ya usalama wa vyombo mwaka 1909, wengi waliisifu tamthilia hii. Sifa hiyo ni ya haki, ingawa sheria haitungwi na machozi ya ukumbini peke yake.

Utangazaji wa redio Uholanzi ulianza mwaka 1919, na Heijermans akafa mwaka 1924, kabla michezo ya redio haijakomaa. Lakini kitendo cha tatu ni kama alikiandikia redio. Usiku wa dhoruba, wanawake wamekusanyika kwa Kniertje, na kila mmoja anasimulia aliyempoteza. Jukwaani watu wameketi tu, huku upepo ukivuma nje. Hewani, kuketi huko si kasoro tena, na msikilizaji naye yumo chumbani, akitega sikio kama wao. VARA, shirika la redio la wafanyakazi lililoanzishwa mwaka 1925, lilikuwa mrithi halali wa kazi kama hii: baharia asiye na nauli ya kwenda Amsterdam angeweza kuisikia nyumbani.

Kisha wakaja Wanazi. Kazi za Wayahudi zikapigwa marufuku, mashirika ya redio yakavunjwa mwaka 1941, na ukumbi uleule wa Amsterdam, kuanzia 1942, ukawa mahali pa kuwakusanyia Wayahudi kabla ya kusafirishwa kwenda makambini.

Baada ya vita Kniertje alirudi, jukwaani na hewani. Sinema nayo ilimtaka: 1918, 1924, 1934, huku Esther mwenyewe akiigiza akiwa na miaka zaidi ya 80, na tena 1986. Kwangu mimi filamu inapoteza kuliko inavyoongeza. Ukishaonyeshwa mawimbi, unakuwa na haraka na wale wanawake, ilhali maneno yao ndiyo dhoruba aliyoiandika Heijermans.