Shubiri: dawa mbili ndani ya jani moja

Watoto wengi wa Afrika Mashariki walionja uchungu wa shubiri kabla hawajajua kusema. Siku ya kuachishwa ziwa, mama aliipaka kwenye chuchu, na hamu ya kunyonya ikakatika. Ndiyo maana jambo lisilomezeka husemwa ni chungu kama shubiri. Jina limetoka Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupa pia neno subira.

Dawa hii ni ya kale. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unaitaja miongoni mwa bidhaa za bandari ya Kane, kusini mwa Yemen. Karne hiyohiyo, tabibu Dioscorides aliieleza kuwa dawa ya vidonda na ya kuendesha tumbo. Baadaye sifa ikaenda kwa kisiwa cha Sokotra, ambacho shubiri yake ilisafirishwa mbali katika Bahari ya Hindi.

Kilichouzwa kilikuwa utomvu wa manjano unaochuruzika chini ya ganda la jani. Ulikingwa, ukaanikwa juani au kuchemshwa hadi ukaganda na kuwa mweusi. Hiyo ndiyo shubiri yenyewe, haluli kali. Biashara ya utomvu huo ndiyo iliyofanya mishubiri ya porini ivunwe ovyo nchini Kenya, hata amri ya rais ikapiga marufuku uvunaji huo mwaka 1986.

Ute mweupe wa katikati ya jani una historia yake. Mwaka 1935, madaktari wawili wa Marekani, wote wakiitwa Collins, walieleza jinsi jani bichi lilivyoponya ngozi iliyoungua kwa eksirei. Tangu hapo ute umeingia katika sabuni na mafuta ya kujipaka. Utomvu nao ulishuka hadhi: mwaka 2002 Marekani iliondoa haluli za shubiri katika dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa kutosha wa usalama wake.

Basi ukikata jani la mshubiri bustanini, lisimamishe kwanza utomvu uchuruzike, ulioshe, ndipo upake ute palipoungua kidogo. Jeraha kubwa la moto lipeleke hospitali. Utomvu usinywe kienyeji, hasa na mjamzito: ni dawa nyingine kabisa.