Sarafu za wazee: namna ya kuzihifadhi zisiharibike

Wapwani wengi wanaoishi Nairobi, Shauri Moyo ikiwemo, wameachiwa sarafu na wazee wao: pesa za shaba za Sayyid Barghash zenye mwaka 1299 wa Hijria (1882), heller za Wajerumani, au senti zenye tundu za Afrika Mashariki. Nyingi huharibika mikononi mwa warithi wenye nia njema.

Usizisafishe. Ukizisugua kwa ndimu au majivu zitang'aa, lakini thamani yake hushuka na hairudi.

Usizitie katika plastiki laini ya PVC, ile yenye harufu kali. Baada ya miaka huacha utando wa kijani unaokula shaba. Mipira ya kufungia noti nayo huifanya fedha iwe nyeusi. Tumia bahasha za karatasi zisizo na asidi au vikasha vya plastiki ngumu, sarafu moja kila kimoja. Zishike ukingoni, kwani jasho lina chumvi.

Kabati la mbao hutoa mvuke wa asidi. Afadhali sanduku la bati, kama yale ya mafundi wa Kamukunji, rangi ikishakauka kabisa. Weka ndani vipakiti vya kunyonya unyevu, na sanduku lisikae sakafuni. Kumbuka, bati halizuii mwizi wala moto; zile za thamani zipeleke kwenye kasha la benki.

Mwisho, piga picha kila sarafu, andika ilikotoka, na nakala mpe ndugu. Asiyejua historia yake ataiuza kwa bei ya chuma chakavu.