Ramani Ambayo Kenya Haikupata

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda. Madaftari karibu yote yalienda kwa mama wa mandazi, akafungia wateja. Moja tu nililibakisha, la GIS. Mhadhiri alikuwa ametuambia, kabla hata hatujagusa kompyuta, kwamba fani hii ina mzizi Kenya. Nikadhani anatupiga porojo. Baadaye nilisoma mwenyewe nikakuta ni kweli.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Roger Tomlinson, Mwingereza aliyehamia Kanada, alikuwa ameajiriwa na kampuni ya Spartan Air Services mjini Ottawa. Kazi ikaja: itafutwe sehemu ya kupanda miti Kenya, ya kulisha kiwanda cha karatasi. Sasa hilo si swali moja. Mteremko ukoje? Mvua je? Udongo? Barabara iko karibu? Kila jibu lilikuwa na ramani yake, na zote zilipaswa kulinganishwa kwa mkono, moja juu ya nyingine. Gharama ilipopigwa hesabu, kazi ikafia hapo. Kenya haikupata ramani. Tomlinson naye alibaki na wazo: kwa nini kompyuta isizipange tabaka hizo? Serikali ya Kanada ilimpa nafasi ya kujaribu, na leo anaitwa baba wa GIS.

Hapo ndipo kuna ujuzi wa kwanza ambao mwanafunzi hutoka nao: kulipasua swali kubwa hadi liwe tabaka ndogo zinazojibika. Programu hubadilika kila mwaka. Akili hiyo haichakai.

Ujuzi wa pili ni kuuliza nani alichora, na nani aliachwa nje. Kibera ni mfano wetu. Wanubi waliopigania Uingereza katika King's African Rifles waliruhusiwa kukaa pale, lakini wakoloni hawakuwapa hati. Karne nzima baadaye, watu wakiwa wamejaa, bado ramani nyingi zilionyesha eneo tupu. Mwaka 2009, mradi wa Map Kibera uliwafunza vijana 13 wa mtaani kutumia GPS. Wakatembea kichochoro kwa kichochoro, wakiweka alama: choo, bomba la maji, kliniki, kanisa, msikiti. Huo ni ujuzi wa tatu, kutoka nje na kuhesabu kwa miguu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliupata wakiwa ndani ya matatu, simu mkononi, wakirekodi ruti na stage, hadi ramani ya matatu za Nairobi ikatoka mwaka 2014.

Lakini tusidanganyane. Julai 2018, tingatinga zilipita Kibera kufungua barabara, na maelfu wakalala nje. Kuwa kwenye ramani hakukuzuia chuma. Waliopanga barabara hiyo nao walikuwa na ramani zao.

Ndiyo maana daftari lile bado liko chini ya godoro. Sina cheti. Lakini nikiona ramani yoyote ya jiji hili, ya mafuriko au ya nyumba za bei nafuu, natafuta kwanza kwetu. Tukikosekana, najua swali la kuuliza. Tukiwepo, nauliza la pili: tumechorwa ili tuhudumiwe, au ili tuondolewe?