Chemirocha

Ewe msomaji, ukitoka Nakuru kwenda kusini-magharibi, ukayapita mashamba ya chai ya Kericho, utafika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Huko, mwaka 1950, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alinasa wimbo wa wasichana uitwao Chemirocha. Je, Chemirocha ni nani?

Ni Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1897. Tangu ujana alikuwa mfanyakazi wa reli, akijifunza nyimbo kwa wenzake. Mwaka 1924 alipatwa na kifua kikuu. Kazi ya sulubu ikamshinda, naye akategemea gitaa lake. Tarehe 4 Agosti 1927, mjini Bristol, Tennessee, aliimba nyimbo mbili zilizotiwa katika santuri yake ya kwanza. Alifariki mwaka 1933, wala Afrika hakuiona.

Lakini santuri zake zilifika Bonde la Ufa. Wakipsigis walilitamka jina lake kwa ulimi wao, na wasichana wakamwimba kuwa ni nusu mtu, nusu swala, huku kinubi kikilia.

Usiwacheke. Hawakumwiga mgeni, walimwingiza katika ngoma yao wenyewe. Sauti zao nazo zikasafiri dunia nzima, na baada ya miaka mingi nakala zikarudishwa Kapkatet.

Basi, umsikiapo bibi yako akiimba, muulize ni nani aliyeutunga wimbo ule, ukaandike jibu lake. Wimbo hupita mipaka; jina la mwimbaji husahaulika upesi.