Pwani ililalaje kabla ya feni?

Kaskazi inapovuma Unguja, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la mchana hupita nyuzi 30 na usiku halishuki sana. Jua peke yake si tatizo. Mwili hujipoza kwa jasho kukauka, lakini hewa ya pwani imejaa unyevu, hivyo jasho halikauki, linachuruzika tu. Pasipo upepo hakuna usingizi. Wazee wa pwani walilijua hilo karne nyingi kabla ya umeme, wakajenga nyumba na kuunda vitanda kwa kuufuata upepo.

Katika Mji Mkongwe, kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zikiwa na unene wa nusu mita au zaidi. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti zenyewe ni fupi, vyumba vikawa virefu na vyembamba, upana wake mita tatu hivi. Ukuta mnene huchelewa kupata moto, kwa hiyo mchana ndani huwa na ubaridi. Vichochoro navyo ni vyembamba kiasi kwamba nyumba hukingiana jua. Hata hivyo, jiwe lililopigwa na jua kutwa hulirudisha joto lake usiku. Ndiyo maana wenye nyumba walipenda kupanda ghorofani kwenye madirisha makubwa, au kutoka juu ya paa kupunga upepo.

Sultani Barghash bin Said alipojenga jumba la Beit al-Ajaib mjini humo mwaka 1883, kila ghorofa ilizungushiwa veranda pana ili jua liishie nje kabla ya kuufikia ukuta. Jumba hilo hilo ndilo lililokuwa la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme.

Watu wa kawaida walilala katika nyumba za fito na udongo zilizoezekwa makuti. Makuti hupitisha hewa wala hayaweki joto. Magharibi ikiingia, nyumba hupoa upesi. Kasoro za makuti zilijulikana: yanashika moto haraka, na baada ya miaka michache lazima uezeke upya.

Ndani ya nyumba zote hizo kulikuwa na kitanda cha kamba, na siri yake ilianzia ufukweni. Makumbi ya nazi yalifukiwa kwenye mchanga na tope la bahari yakaachwa yaloe kwa miezi. Wanawake waliyachimbua, wakayaponda kwa magongo mpaka nyuzi zikaachana, kisha wakasokota kamba kwa viganja. Kazi hiyo ingali ikifanywa katika vijiji vya mashariki mwa Unguja. Fundi alichonga matendegu na mifumbati, halafu kitanda kikawambwa: kamba ilizungushwa kwenye fremu na kupishanishwa huku ikivutwa kwa nguvu hadi ukatokea wavu uliokaza. Juu yake ulitandikwa mkeka wa ukindu. Aliyelala alipata hewa juu na chini, na jasho la mgongoni lilikauka. Kamba zilipolegea, kitanda kikabonyea, kikakazwa upya. Kunguni walipojificha kwenye mafundo, kilitolewa uani kikamwagiwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Mabadiliko yaliletwa na mabati. Bati la migongo lilibuniwa London na Henry Robinson Palmer mwaka 1829, likasambaa duniani kote. Pwani lilipendwa kwa sababu haliungui, halivuji na humpa mwenye nyumba heshima. Gharama yake ni fukuto: bila dari, chumba huwa tanuri tangu saa nne asubuhi. Likafuata godoro la sponji, ambalo ni laini lakini huukumbatia mwili na kuzuia hewa. Hapo feni haikuwa anasa tena. Kiyoyozi nacho, kilichobuniwa na Willis Carrier mwaka 1902, hakikukusudiwa walalaji hata kidogo. Alikitengeneza ili kudhibiti unyevu uliokuwa ukiharibu karatasi katika kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani.

Utegemezi huo ulionekana wazi Desemba 2009, pale umeme unaotoka bara kupitia chini ya bahari ulipokatika. Unguja ilikaa gizani kwa takriban miezi mitatu, katikati ya kaskazi yenyewe. Wenye uwezo waliwasha jenereta. Waliobaki walihesabu mabati usiku kucha.

Hakuna anayetaka kurudi kwenye kunguni na paa la kuezekwa kila mara. Lakini ubaridi wa usiku, ambao zamani ulijengwa pamoja na nyumba, leo tunaununua kila mwezi kwa bili. Wewe unayejenga sasa, kabla ya kuulizia bei ya kiyoyozi, mwambie fundi aweke madirisha yanayotazamana, dari chini ya bati na kibaraza cha kukinga jua. Hivyo utalipia mara moja tu.