Mambo ya kuzingatia unapochagua diski ya kuhifadhia nakala za kompyuta

KATIKA miji ya Handeni na Korogwe mkoani Tanga, alama za wanafunzi, hesabu za vyama vya ushirika na picha za harusi hutunzwa ndani ya kompyuta. Kompyuta hiyo ikiungua, ikiibwa au ikiingiwa na virusi, kazi ya miaka mingi hupotea kwa siku moja. Kinga yake ni kuweka nakala kwenye diski ya nje, yaani hadi diski inayounganishwa kwa waya wa USB.

Diski hizo ni za aina mbili. Ya kwanza ina sahani zinazozunguka, teknolojia iliyoletwa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ni nafuu, lakini huumia ikianguka au ikitikiswa inapofanya kazi. Ya pili, SSD, haina kitu kinachozunguka. Huhimili misukosuko ya safari, ila ni ghali zaidi, na ikiwekwa kabatini muda mrefu bila umeme kumbukumbu zake zaweza kufutika. Kwa nakala zinazokaa ofisini, ya kwanza yatosha. Kwa mwenye kusafiri mara kwa mara, ya pili yafaa.

Jambo jingine ni umeme. Wilaya ya Korogwe inacho kituo cha kufua umeme cha Hale, kilichoanza mwaka 1964, lakini ujirani huo hauzuii umeme kukatika. Ukikatika wakati wa kunakili, faili huweza kuharibika. Kwa hiyo ni heri kuchagua diski ndogo ya inchi 2.5, ambayo hupata umeme kutoka kwenye kompyuta. Ikiunganishwa na kompyuta ya mkononi yenye betri nzima, kazi huendelea. Zile za inchi 3.5 huhitaji kuchomekwa ukutani.

Mnunuzi ajihadhari na bidhaa bandia. Diski za kuzunguka hutengenezwa na kampuni tatu tu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Kasha likiwa na jina jingine, ndani mna diski ya mojawapo ya hizo, na huenda imekwisha kutumika. Terabaiti nyingi kwa bei ya kutupa ni dalili ya ulaghai. Njia ya kuhakiki ni kuijaza diski mafaili hadi mwisho, kisha kuyafungua, bandia hushindwa.

Kabla ya kulipa, uliza dhamana ni ya muda gani na diski mbovu itarudishwa wapi. Dhamana ya duka la Dar es Salaam ina nauli yake. Tena, dhamana hurudisha diski, hairudishi kumbukumbu.

Hakuna diski isiyokufa. Ndiyo maana wataalamu hushauri nakala mbili, moja ikae mbali na kompyuta. Ofisi ya Handeni yaweza kuweka ya pili Korogwe. Zenye majina ya wagonjwa au wanafunzi zifungwe kwa nywila, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mwenye taarifa hizo azilinde.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kompyuta huoza isipokaguliwa. Basi kila mwezi ifunguliwe, ijulikane kama bado inasomeka.